Kilima Kilichokosa Mwenyewe

Watu wengine wakikumbuka walikozaliwa wanaona harufu ya maharage na ubaridi wa asubuhi. Mimi naona hasira. Hasira ile ningeitia chini ya sufuria ingeivisha maharage ya harusi tatu, na makaa yangebaki. Nimeshacheka mambo mengi maishani, na walionifahamu Goma watakuambia mimi ni mtu wa kicheko, lakini kilima kile sijaweza kukicheka mpaka mwisho. Nitajaribu.

Nianze na mahali penyewe. Miaka ile ya hamsini ulitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru, kisha ukaiacha upande wa mkono wa kushoto na kutembea juu ya mawe meusi ya volkano mpaka viatu vyako vikakuomba msamaha. Katikati ya mawe hayo kilisimama kilima kidogo cha mviringo, kama nundu ya ng'ombe aliyelala. Nyumba zilikuwa tano, kila moja imekaa juu ya kichwa cha jirani yake. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba kuku wetu walitaga wakiwa wamesimama upande, na yai lililoponyoka lilifika Goma kabla kuku hajamaliza kutangaza. Mto hatukuwa nao, wala kisima. Mvua iliponyesha mawe yaliimeza palepale, kama mlevi. Tulikinga maji kwa vigogo vya migomba vilivyopasuliwa katikati, na kiangazi kilipozidi tuliteremka hadi ziwani na mitungi kichwani, tukarudi nusu ya maji ikiwa mgongoni.

Historia yake ni hii. Kabla sijazaliwa, mulima mkubwa ulitapika moto. Moto ukashuka, ukafika kwenye kilima chetu, ukakizunguka pande zote na kuacha kichwa chake tu kikiwa na udongo. Shangazi wa papa yangu (ndivyo tunavyomwita baba), ambaye sisi wote tulimwita Bibi, alikuwa bibi harusi mpya wakati huo. Nyumba yake ya kwanza iliungua huko chini. Yeye na mume wake wakakimbilia kwenye kichwa kile cha kilima, wakafyeka miti, wakajenga, wakalima. Baadaye ndugu wakaanza kufika, nao hawakuwa na pa kulima, maana chini ya Bibi palikuwa mawe matupu.

Ndipo ikafanyika kazi ambayo sijaiona mahali pengine popote. Bibi na mume wake walichota udongo wa shamba lao wenyewe, wakautia kwenye vikapu, wakaushusha kwa vichwa na kuumwaga kwenye mashimo ya mawe, mpaka papa yangu akapata shamba. Papa naye, udongo wake ulipokomaa kwa majani na mavi ya mbuzi, akachota, akamshushia ndugu aliyekuja baada yake. Huyo akamshushia katekista. Katekista akamshushia mtu wa mwisho kabisa, fundi wa kuezeka nyumba, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha wafu wa mitaa miwili. Kwa hiyo ulipopanda kilima chetu ulikuwa unarudi nyuma katika miaka: nyumba ya chini ni ya jana, nyumba ya juu ni ya mwanzo. Na shamba la Bibi, lile lililozaa mengine yote, lilikuwa limebaki jembamba kama blanketi la hospitali.

Kutokana na vikapu vile tulikuwa na adabu moja. Ukiulizwa shamba ni la nani, husemi "langu". Unanyoosha mkono kuelekea nyumba iliyo juu yako. Kusema "langu" kulikuwa sawa na kutema mate kwenye kikapu cha aliyekuletea udongo. Hata mtoto aliyelia "kiazi changu!" alipata kofi kwanza, kiazi baadaye.

Sasa mimi. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, napakia magunia Goma mchana, na jioni nasoma kwenye darasa la watu wazima. Nilimaliza, nikapewa sertifika yenye muhuri. Kifaransa changu kilinyooka kuliko barabara yenyewe ya Rutshuru. Nilikisema kwa mbuzi. Nilikisema nikiwa peke yangu. Siku za mapumziko nilipanda kilimani na shati jeupe, nikitafuta mtu wa kumtafsiria chochote.

Nikampata. Siku moja alitokea bwana agronomu, yule wa mambo ya kilimo, muzungu kijana mwenye soksi ndefu, na karatasi kubwa ya ramani mkononi. Mkalimani wake alikuwa ameshikwa na homa njiani. Mimi nikaruka mbele kabla hajauliza mara mbili.

"Waulize," akasema, "mashamba haya ni ya nani."

Tukaanzia chini. Fundi wa kuezeka alivua kofia, akainama, akasema: "Haiko yangu, bwana. Uliza pale juu." Nikatafsiri, na nilitafsiri vizuri sana. Tukapanda kwa katekista.

"Haiko yangu. Niko hapa kwa huruma ya yule wa juu."

Ndugu wa tatu akasema hivyo hivyo. Tukafika kwetu. Papa alikuwa anachonga mpini wa jembe. Alisimama, akapangusa mikono, akanyoosha mkono kuelekea nyumba ya Bibi. Bwana agronomu sasa alikuwa anahema kama mvukuto, ameiva uso, na kila nyumba alikuwa anaandika neno moja lile lile. Kule juu kabisa Bibi alikuwa ameketi mlangoni anapepeta maharage.

"Mama, shamba hii iko ya nani?" nikamtafsiria swali la bwana.

Bibi akatazama juu. Juu yake hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mulima, moshi wake, na mbingu.

"Ya Mungu," akasema. "Mimi niko mugeni tu."

Nikatafsiri na hilo. Neno kwa neno! Na bila kosa la sarufi hata moja! Bwana agronomu akanipa mkono, akanisifu, akashuka. Mimi nikakaa kwetu jioni ile nikijisikia kama nimemaliza chuo kikuu, na papa akanichinjia kuku. Tulikula kuku yule kwa furaha. Naomba msomaji akumbuke hilo anaponiona namkasirikia kila mtu: na mimi nilikula paja.

Baada ya majuma machache ikaja barua. Ilikuwa juu yangu kuisoma, nani mwingine? Nikaisoma mbele ya wote, nikiwa nimesimama juu ya jiwe ili sauti ifike. Nilifika katikati, nikaacha.

"Endelea, mwalimu," akasema fundi wa kuezeka. "Au wino umeisha?"

Barua ilisema kilima hakina mwenyewe. Ilisema wakaaji wote wameulizwa na wote wamekana. Kwa hiyo kimekuwa ardhi tupu, na muzungu mmoja mwenye plantasyo, shamba kubwa la kuuza, ameomba kukipanda piretri, yale maua meupe ya dawa ya wadudu. Kabla ya kumpa, bwana mukubwa wa teritware, mkuu wa wilaya yetu, atakuja mwenyewe kuuliza mara ya mwisho. Siku ilikuwa imeandikwa.

Tupu! Nyumba tano, watu karibu arobaini, mbuzi wasiohesabika, migomba, kaburi la mume wa Bibi, na kuku watagao upande: tupu! Nilitukana kwa lugha tatu. Papa akaniambia nishuke kwanza kwenye jiwe.

"Nani aliwaambia mukane?" nikafoka.

"Hatukukana," akasema papa. "Tulijibu kama watu."

"Mulijibu kama wapumbavu!"

Hapo nilipata kofi langu, na umri wangu ule. Lakini wote waliona hatari. Tukikosa siku ile ya bwana mukubwa, mawe meusi yale yalikuwa yanatungoja, na juu ya mawe mtu hapandi hata ndoto.

Nikaanza kuwafundisha. Kila Jumapili baada ya sala niliwapanga mstari kwa Bibi, kama darasa langu la jioni. Mimi nilikuwa bwana mukubwa, na gazeti kichwani kuwa kofia.

"Wewe! Hii shamba iko ya nani?"

Fundi wa kuezeka akasimama mbele yangu, jasho linamtoka. "Iko... iko ya..." Akamtazama katekista aliyemshushia udongo. Katekista akatazama chini. "Iko baridi leo, bwana!" akamaliza, na wote wakaanguka kwa kicheko.

"Sema 'yangu'!"

"Wee mutoto, unisemeshe ile neno mbele yake? Si afazali univue suruali?"

Jumapili ya pili vivyo hivyo. Ya tatu katekista alijaribu, akafika "ya," akaomba maji. Nilitupa gazeti chini. Niliwaambia ninyi mutakufa kwa adabu, mutazikwa kwa adabu, na muzungu atapanda maua juu yenu bila adabu yoyote. Bibi alikuwa pembeni anapepeta.

Papa ndiye aliyefungua njia. Alikuwa amekaa, anajikuna ndevu. "Mimi siwezi kusema yangu," akasema polepole. "Lakini hii ya ndugu huyu wa chini, nilimupa mimi. Udongo nilibeba na kichwa yangu. Hiyo nitasema hata mbele ya mufalme wa Wabelgiji."

Wote wakageuka. Ilikuwa kweli! Adabu yetu ilikataza kudai, haikukataza kutoa ushahidi wa ulichotoa. Hapo tulipiga makelele. Safari hii bwana mukubwa aanzie juu, ashuke. Bibi atasema: nilimpa huyu. Papa atasema: nilimpa yule. Mpaka chini. Niliandika yote kwenye kaye, daftari langu la darasa, na mishale ya wino mwekundu, safi kama kazi ya mhandisi. Nikawasomesha. Wakaweza siku hiyo hiyo. Fundi wa kuezeka alisikitika kidogo kwamba yeye wa mwisho hana wa kumtolea ushahidi, akasema atamtolea mbuzi wake.

Nilichora mishale minne. Nyumba zilikuwa tano. Nilikuwa nimefundishwa hesabu miaka miwili na sikuona kitu.

Siku ikafika. Bwana mukubwa alipandishiwa meza na kiti mpaka juu kabisa, wanaume wanne walivibeba, meza ikiwa imelala upande kama maiti. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, si mkorofi. Ningependa kusema alikuwa mkorofi. Alijua Kiswahili cha kutosha kuomba chai na kugombeza, lakini kwa mambo ya karatasi alitaka mkalimani, na mkalimani nikawa mimi tena, shati lile lile.

Mambo yalienda kama mafuta. Bibi akasimama, mwembamba, fimbo mkononi.

"Huyu mutoto wa kaka yangu, mimi na mume wangu tulimupa shamba. Tulishusha udongo kwa vikapu. Wote waliona."

Papa akasema la kwake. Ndugu wa tatu akasema. Katekista akasema kwa sauti ya kanisani. Bwana mukubwa aliandika, akapiga muhuri: mashamba manne yana wenyewe, wamepewa, mashahidi wapo. Fundi wa kuezeka alianza kucheza pale pale, tumbo linamfuata kwa nyuma. Mimi nilikuwa ninafunga kaye yangu.

"Na hapa?" akauliza bwana mukubwa. Alipiga mguu chini, kwenye udongo wa Bibi. "Hapa, mama, nani alikupa?"

Ndipo nikaiona nyumba ya tano.

Bibi akafikiri. "Hakuna mutu."

"Kwa hiyo ni yako?"

Kilima chote kikamgeukia Bibi. Hata mbuzi. Nilimtazama Bibi kwa macho ya kumsukuma. Neno moja, Bibi! Huna mtu juu yako, humwudhi yeyote, nani atakuona mchoyo, moshi?

"Walionitangulia hapa ilikuwa miti," akasema Bibi. "Tuliikata. Mimi niko mugeni, bwana, na Mungu hajanifukuza."

Bwana mukubwa akanigeukia anisikilize. Na mimi, mwenye sertifika, niliyetafsiri neno kwa neno siku ya kwanza mpaka nikapewa mkono, nikafungua kinywa na kusema kwa Kifaransa changu kizuri kwamba mama huyu anasema ardhi hii ni yake, yeye na mume wake waliifyeka, na kaburi la mume liko pale. Nilisema bila kupepesa. Nilisema vizuri kuliko siku zote.

Bwana mukubwa akainua kalamu.

"Ngoja," akasema Bibi. "Umemuambia nini?"

"Nimemuambia ile umesema."

"Mudomo yako imetembea mbali kuliko yangu. Umesema yangu?"

Nikafungua tena kaye yangu.

"Umesema?"

"Bibi, tafazali—"

Akanipita. Akaenda mezani mwenyewe, akamwambia bwana mukubwa kwa Kiswahili, polepole, kama unavyomsemesha mtu aliye ng'ambo ya bonde: "Bwana, mutoto wetu ameongeza neno. Mimi sikusema yangu. Andika vile nimesema."

Na yule bwana alielewa. Kiswahili cha chai kilimtosha! Alinitazama kwanza, uso wangu ukawaka, kisha akaandika vile amesema. Papa akaruka, akalia kwamba kaburi la mume wa Bibi liko pale pale chini ya mgomba, nani atazika mtu kwenye ardhi isiyo yake? Bwana mukubwa akajibu, bila ubaya, kwamba kaburi si shamba, na kwamba muzungu mwenye plantasyo atalizungushia miti. Akapiga muhuri wa tano. Meza ikashuka, kiti kikashuka. Kichwa cha kilima, mahali pa kwanza penye udongo, palipolisha mashamba manne kwa vikapu, ndipo palipoandikwa tupu peke yake, kwa sababu aliyefika wa kwanza hana wa kumshuhudia.

Sikusema na Bibi tangu siku hiyo mpaka siku ya kuhama. Nilimkasirikia bwana agronomu na soksi zake, nilimkasirikia bwana mukubwa kwa upole wake, nilimkasirikia mwenye maua ambaye hatukuwahi hata kumwona sura. Lakini hao walikuwa mbali. Aliye karibu alikuwa Bibi.

Tulimhamisha kabla ya mvua. Tulibomoa nyumba yake, tukashusha nguzo, tukashusha majani ya paa, tukashusha kitanda. Ilikuwa hatua mia hivi mpaka kwetu. Mimi niliziona elfu. Alikuja mwishoni na jiwe lake la kusagia mtama mikononi, hakumruhusu yeyote kulibeba. Alipofika mlangoni kwetu hakuingia. Alikaa juu ya jiwe lile.

"Ingia, Shangazi," akasema papa.

"Kwa nani?"

"Kwetu wote."

"Mutu hakaribishi watu nyumba isiyo yake," akasema Bibi. "Hapa iko ya nani?"

Papa akanyoosha mkono. Akaanza tu kuunyoosha, kuelekea kule juu, na kule juu tayari watu wa plantasyo walikuwa wanapigilia mbao nyeupe za mpaka. Mkono ukarudi.

"Mimi sitaingia," akasema Bibi. "Nitalala hapa inje na mbuzi mpaka nipate mwenyewe wa kunikaribisha."

Papa akapangusa mikono. Mtu wa miaka hamsini na kitu, kama anaungama.

"Hapa ni pangu," akasema. "Nyumba ni yangu, na shamba ni yangu. Karibu, Shangazi."

"Asante," akasema Bibi, akainuka na jiwe lake, akaingia.

Nilipasuka. Niliingia nyuma yake nikifoka, bila kujali kofi. "Kumbe unajua! Kumbe neno hilo unalijua, unamfundisha papa! Mwezi mmoja tu, Bibi, mwezi mmoja uliopita ungesema neno hilo mara moja, leo ungekuwa kwako!"

Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka jiwe. Hakunigeukia.

"Ningemuambia nani karibu?" akasema. "Yule bwana alikuja na kiti yake."

Nilitoka, nikapanda mbio mpaka kule juu. Watu wa plantasyo, vijana kutoka Masisi, walikuwa wanang'oa viazi vya Bibi ili kusafisha mahali pa maua. Niliwafokea kwa Kifaransa. Niliwapa Kifaransa chote nilichokuwa nacho, miaka miwili ya jioni, vitenzi vyote na nyakati zake, nikaona mate yangu yanaruka. Hawakujua hata neno moja. Walisimama na majembe yao, wakanisikiliza kwa heshima kama mtu aliyefiwa. Nilipoishiwa pumzi, mmoja wao akachukua kikapu, akakijaza viazi vile walivyovitoa, akaniwekea mikononi.

"Pelekea muzee wako," akasema. "Zitaoza bure."

Kikapu kilikuwa kizito, na udongo bado umeshikamana na viazi. Nilitaka kukitupa mpaka Goma. Nikakitia kichwani, nikashuka nacho, nikiwa nimekasirika vile vile, kwa sababu Bibi alikuwa hajala tangu asubuhi.